Kusoma Hukumu za New York

Msikilizaji, ndugu yako aliyeko New York akikwambia kesi yake iko Supreme Court, usidhani imefika kileleni. Katika jimbo hilo, mahakama yenye jina hilo ndiyo husikiliza mashahidi kwa mara ya kwanza. Rufaa huenda Appellate Division, yenye kanda nne, na neno la mwisho kuhusu sheria za jimbo ni la Court of Appeals, yenye majaji saba, mjini Albany.

Hukumu maarufu ya Palsgraf ya 1928 huandikwa hivi: 248 N.Y. 339. Yaani juzuu ya 248 ya vitabu vya hukumu za Court of Appeals, ukurasa wa 339. Hapo Jaji Cardozo anaeleza kwa nini kampuni ya reli haikuwajibika kwa mwanamke aliyeumia stesheni baada ya fataki za abiria mwingine kulipuka. Majaji watatu walipinga; usiruke hoja zao, tafadhali.

Kabla ya kuitegemea hukumu yoyote, hakikisha haijatenguliwa. Maktaba za sheria za umma katika kaunti za jimbo hilo zitakusaidia kutafuta.