Gari la Kujiundia na Kweli ya Daftari

Fundi aundaye kitu kwa mikono yake ana haki ya kujivunia kazi yake. Lakini kitu hicho kikitoka uani na kuingia barabarani, wanakopita watoto wa shule na wazee, hakiwi tena cha fundi peke yake. Jamii nzima hupata haki ya kuuliza: Ni kitu gani hiki? Kimetoka wapi? Breki zake zinashika? Jinsi Uingereza inavyoyajibu maswali hayo kuhusu magari yaliyoundwa nyumbani ni jambo linalostahili kutafakariwa na kila mtumishi ashikaye faili na kila mwalimu afundishaye ufundi.

Huko ipo desturi ya miaka mingi ya watu kununua gari likiwa vipande, yaani chasisi, bodi na vipuri vingine, kisha kuliunga wenyewe. Gari lililopata sifa kubwa katika desturi hiyo ni Lotus Seven, lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Wakati huo serikali ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika, lakini si juu ya vipande ambavyo mnunuzi angeviunga mwenyewe. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa sheria haikuruhusu vipande hivyo kuuzwa pamoja na maelezo ya kuliunga gari, mnunuzi alipewa maelezo ya kulifungua, naye akayafuata kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa, kodi ya ongezeko la thamani ikashika nafasi yake, na unafuu ule ukatoweka. Mwaka huo huo haki ya kuunda Seven ilinunuliwa na Caterham, na hata baada ya hapo watu waliendelea kununua vipande na kuunga. Kumbe kilichowavuta hakikuwa unafuu wa kodi peke yake, bali pia furaha ya kuunda.

Sasa, gari la namna hiyo huandikishwaje? Kiwanda kitoacho magari kwa maelfu hupimwa kwa mfano mmoja unaosimama badala ya mengine yote. Fundi wa nyumbani hana maelfu. Analo moja tu. Kwa ajili hiyo uliwekwa mwaka 1998 utaratibu wa kupima gari moja moja, na mwaka 2009 ukafuatwa na ukaguzi mpana zaidi. Mkaguzi hutazama breki, usukani, taa, mikanda, vioo, kelele na moshi, na hata ncha kali za bodi ziwezazo kumjeruhi mwenda kwa miguu. Gari likishindwa, mwenyewe huelezwa kasoro zake, akazirekebisha na kulirudisha. Likifaulu hupata hati, na hati hiyo, pamoja na stakabadhi za vipuri na picha za gari, hupelekwa kwenye ofisi kuu ya kuandikisha magari iliyoko Swansea.

Namba nayo haitolewi ovyo. Gari lililoungwa kwa vipuri vipya vitupu, au likiwa na kimoja tu kilichofanyiwa ukarabati, hupewa namba ya wakati wake. Lililoungwa kwa chasisi mpya na sehemu kubwa mbili za gari kuukuu hupewa namba ya kulingana na umri wa gari hilo kuukuu. Na lile ambalo asili yake haithibitiki hupewa namba yenye kuanza na herufi Q, ili kila atakayetaka kulinunua ajue mapema kwamba ukoo wa gari hilo haujulikani.

Wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha. La hasha! Gari la kujiundia halikai lilivyo. Aliyeanza na injini ya sentimita za ujazo 1,300 huenda baada ya miaka michache akaing'oa na kufunga ya 2,000. Sheria haimkatazi. Inamtaka airudishe kadi ya gari Swansea akitaja namba na ukubwa wa injini mpya, na kuambatanisha ushahidi, kama vile stakabadhi ya kuinunulia.

Sababu za kudai hivyo si za kiurasimu. Ya kwanza ni wizi: injini isiyo na stakabadhi yaweza kuwa imetoka katika gari la mtu mwingine. Ya pili ni kodi: magari yaliyoandikishwa kabla ya Machi 1, 2001 hutozwa kwa makundi mawili, na mpaka wa makundi hayo ni sentimita za ujazo 1,549. Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, ni uhai. Breki zilizopimwa pamoja na injini ndogo huenda zisitoshe kuizuia nguvu ya injini kubwa. Tena kampuni ya bima isiyoarifiwa mabadiliko hayo yaweza kukataa kumlipa mwenye gari siku ya ajali.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba kwa miaka mingi Waingereza walipima kwa alama kama gari lililobadilishwa bado ni lile lile. Chasisi ilipewa alama 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja. Injini alama 1 tu. Ili gari libaki na namba yake zilihitajika alama 8. Maana yake ni wazi: kubadili injini hakukulipotezea gari nafsi yake, wala hakukuwa kosa. Kosa ni kuficha.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba daftari lisilofuata mabadiliko ya mali ni daftari la uongo, na uongo huo humwangukia mnunuzi asiye na hatia, au mpita njia.

Funzo hapa lina pande mbili. Mwalimu wa ufundi amfundishe kijana kutunza stakabadhi kama anavyomfundisha kukaza nati, maana stakabadhi ndiyo shahidi wa jasho lake. Naye mtumishi wa ofisi akumbuke kwamba mlango wa sheria ukiwa mwembamba mno, fundi mwaminifu hukata tamaa na mjanja hupita dirishani. Kanuni njema ni ile inayomwezesha mtu wa gari moja kusema kweli, akahudumiwa, akaenda zake.