MGENI NA ARDHI YA MWENYEJI

(Haya ni maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wazee na vijana wa Pwani.)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo liletalo ubishi mwingi, nalo ni wageni kununua viwanja na nyumba katika nchi isiyo yao. Wako wasemao, "Na waje, walete fedha." Wako wasemao, "Wasije, watatuhamisha." Yafaa tusikilize pande zote mbili kabla ya kukata shauri.

Jambo hili si letu peke yetu. Denmark huwazuia wageni wasinunue ovyo nyumba za mapumziko, na katika mapatano ya Ulaya ya mwaka 1992 ilihakikisha kwamba sheria yake hiyo imelindwa. New Zealand mwaka 2018 iliwakataza wageni wengi kununua nyumba zilizokwisha kujengwa. Kanada nayo ilitia marufuku yake tangu tarehe 1 Januari 2023. Nchi hizo si maskini, wala hazichukii wageni. Hofu yao ni kwamba fedha za mbali zitapandisha bei hata mtoto wa mwenyeji akose pa kukaa.

Sisi wa Kenya tunayo sababu nyingine tena. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi wakodishiwe mashamba kwa miaka 999. Ni nani awezaye kungoja miaka hiyo iishe? Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, yasema kwamba asiye raia aweza kukodi ardhi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni hakufukuzwa, amewekewa mpaka.

Lakini mpaka huo waweza kuvunjwa na sisi wenyewe. Mzee mmoja aliniletea hati ya Kiingereza nimfasirie. Alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni shahidi tu, atie kidole gumba apewe ujira wake. Nilipoisoma niliona ameandikwa kuwa ndiye mnunuzi wa kiwanja cha nduguye kilicho ufuoni, kwa fedha za mgeni, na kwamba faida yote ni ya mgeni huyo. Nikamweleza kwamba Katiba haidanganywi kwa jina la kuazima: ardhi iliyowekwa kwa amana huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu faida yake yote ni ya raia.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na ndugu yangu atalipa kwa nini karo ya watoto?"

Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kumtukana mgeni. Nilimjibu kwamba nduguye aweza kumkodishia mgeni kiwanja waziwazi, kwa hati iliyoandikishwa, apate kodi yake, na muda ukiisha ardhi irudi kwa wanawe. Auzaye hupokea fedha mara moja tu.

Basi nawasihi: msitie sahihi wala kidole katika hati msiyosomewa yote. Tafuteni wakili. Ulizeni katika ofisi ya ardhi kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji ahame.