Hewa ndani ya gari: kijue kitufe chenye mshale

Mazungumzo ya mkufunzi wa umekanika mbele ya madereva, makanga na wenye magari, Limuru

Naona magari kadhaa pale nyuma yangali na ukungu kwenye vioo, basi mfano tunao.

Nianze na kisa changu. Ilikuwa mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, nikitoka Kimende kuelekea Rironi na abiria wanne. Vioo vyote tumefunga kwa sababu kila mtu anasikia baridi. Tulipokaribia Uplands kioo cha mbele kikawa cheupe. Nikakifuta kwa mkono wa sweta, kikarudi vile vile. Nikafuta tena. Lori lililoegeshwa kando ya barabara bila taa nililiona likiwa hatua chache mbele yetu. Tulipona kwa bahati. Na mimi ndiye ninayefundisha vijana kutengeneza magari! Gari halikuwa na hitilafu yoyote. Kitufe kimoja kilikuwa kimebonyezwa tangu siku nilipopita kwenye vumbi, nami nikakisahau.

Kitufe chenyewe kina picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Taa yake ikiwaka, mlango wa hewa ya nje umefungwa, na feni inazungusha hewa ile ile mnayopumua. Ikizima, hewa inaingia kutoka nje kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale kwenye waipa. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na huenda maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, lakini mshale hausemi Kijapani. Katika magari ya zamani si kitufe, ni kishikio cha kusukuma kushoto au kulia.

Sasa, ukungu unatoka wapi? Unatoka kwetu. Kila pumzi ina unyevu, na koti lililonyeshewa lina unyevu zaidi. Unyevu huo ukigusa kioo baridi unageuka matone madogo madogo. Mkifunga hewa ya nje hauna pa kwenda. Kufuta kwa kitambaa ni kuusogeza tu, tena unaacha mafuta ya mkono yanayong'aa taa za gari linalokuja zikikupiga.

Fungua hewa ya nje, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, ongeza joto na feni, kisha washa kiyoyozi, ile mnayoiita eisii. Naona mnacheka. Eisii na baridi hii? Ndiyo. Kiyoyozi hakileti ubaridi peke yake, kinakausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umeegesha ni unyevu uliotolewa kwenye hewa. Kiyoyozi na joto vikifanya kazi pamoja, kioo kinafunguka upesi. Mwenye kuhesabu mafuta, na ni sisi sote, ajue kwamba joto linatokana na maji ya moto ya injini, kwa hiyo halikugharimu karibu chochote. Kiyoyozi ndicho kinachokula mafuta, na kioo kikishatakata unaweza kukizima. Hewa ya nje usiifunge.

Kuna jambo la pili, na hili halionekani. Hewa tunayoitoa puani ina kabonidioksidi karibu mara mia moja kuliko hewa ya nje. Ukifunga gari lenye watu watano kutoka hapa hadi Nakuru, abiria wataanza kupiga miayo, na dereva pia. Wengi husema ni uchovu. Fungua hewa kwanza ndipo ulaumu uchovu.

Kufunga kuna wakati wake: nyuma ya lori linalotapika moshi, au kwenye vumbi. Dakika chache, kisha fungua.

Lakini ekzosi yako ikiwa imetoboka, moshi unaweza kuingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na inaua. Kichwa kikianza kuwauma watu wote garini kwa pamoja, au kizunguzungu na kichefuchefu, simama, zima injini, tokeni nje. Usilale garini injini ikinguruma, hasa ndani ya gereji iliyofungwa. Na jiko la makaa, hata liwe dogo namna gani, halina kazi garini.

Makanga, zile kelele za kila asubuhi kuhusu dirisha nazijua. Mama mmoja anataka lifungwe, mzee anataka lifunguliwe. Mzee ana haki. Baridi haileti kifua kikuu. Kinaletwa na vijidudu vinavyobaki hewani mgonjwa anapokohoa, na hewa inayopita huvipunguza. Acheni nafasi ya vidole viwili vitatu, mbele na nyuma. Anayekohoa kwa wiki mbili aende kituo cha afya cha umma apimwe. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi.

Mwisho ni chujio. Magari mengi huwa nalo nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na wenye magari wengi hawajawahi kuliona. Yale matundu ya chini ya waipa nayo huziba kwa majani ya mikaratusi. Nimekuja na bisibisi. Nani atatutolea gari lake tulifungue tuone?