Kuwaondoa Mende Nyumbani na Katika Biashara ya Chakula

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi, wenye nyumba za kupangisha na wafanyabiashara wa chakula

Tumeitwa tuzungumze juu ya mende. Wapo watakaocheka kwamba ofisi ya umma inaitisha mkutano kwa ajili ya mdudu anayeuawa kwa kandambili. Tungecheka pamoja nao, kama si malalamiko yanayofika mezani petu, ambayo mengi hayamhusu mende mwenyewe. Yanahusu fedha iliyotolewa kwa ajili yake, na mara nyingine yanahusu mtoto aliyelazwa hospitalini.

Tuanze na shauri moja, ambalo majina yake tunayahifadhi. Mama mmoja anayepika na kuuza chakula jijini Dar es Salaam aliwalipa wapuliza dawa mara tatu katika muda wa miezi sita. Kila mara mende walikufa kwa wingi, wakafagiwa na kutupwa. Na kila mara, baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili, walirejea kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mara ya nne hakuwa na fedha ya kumwita mtu. Akanunua barabarani dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, kwa kijana mwenye kipaza sauti, nanyi nyote mnaijua sauti ile: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi. Dawa iliyobaki aliiweka chini ya meza ya vyombo. Mjukuu wake wa miaka mitatu aliikuta, akanywa funda moja.

Mtoto alipona. Lakini daktari, mara tu walipofika, aliuliza swali moja: amekunywa nini? Hakuna aliyeweza kujibu. Sumu za wadudu si za ukoo mmoja. Ziko zenye dawa yake maalumu ya kuzipinga, na ziko ambazo daktari hana la kufanya ila kumhudumia mgonjwa kwa dalili anazozionyesha hadi mwili uishinde sumu. Asiyejua jina la sumu humpotezea daktari saa ambazo mtoto hana. Yule mama alikuwa amenunua kitu kisicho na jina, kutoka kwa mtu asiye na jina, bila risiti. Hata tulipotaka kumsaidia kudai haki yake, hatukuwa na wa kumdai.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana shauri hili halikuanzia kwenye chupa. Lilianzia kwenye malipo yale matatu. Kwa nini mende walirudi?

Katika miji yetu tunasumbuliwa hasa na mende wa aina mbili, na kosa kubwa ni kuwatendea kana kwamba ni mmoja. Yuko yule mkubwa, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, urefu wake sentimita 4 hivi. Makao yake ni chemba, mashimo ya vyoo na mifereji ya maji machafu. Jikoni huja usiku kama mgeni, akipitia tundu la sakafu au mwanya wa chini ya mlango. Na yuko yule mdogo, wa milimita 13 hadi 16, mwenye kahawia hafifu na mistari miwili myeusi mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Huyu si mgeni. Anaishi ndani pamoja nasi, anazaliana ndani, na hupenda mahali penye joto, unyevu na nyufa nyembamba. Wataalamu humwita yule mkubwa mende wa Kimarekani, ingawa asili yake ni huku kwetu Afrika, na mdogo humwita mende wa Kijerumani, ingawa hakutokea Ujerumani. Warusi humwita huyo mdogo Mprusi, na wako Wajerumani waliomwita Mrusi. Inaonekana hakuna taifa lililokubali kumwandikisha kuwa raia wake.

Mende mdogo jike hubeba kifuko cha mayai nyuma ya mwili wake kwa muda wa wiki tatu hadi nne, na katika kifuko kimoja huwamo mayai 30 hadi 40. Dawa ya kupuliza humwua mama, lakini haipenyi kwa urahisi ndani ya kifuko, na mayai yaliyokaribia kuanguliwa huweza kuanguliwa hata mama akiwa amekufa. Katika joto la jiko, watoto hao huwa wazazi kwa kiasi cha miezi miwili. Hesabuni wenyewe, mtaona kwamba muda aliokaa yule mama bila kusumbuliwa ni ule ule waliouhitaji watoto wa mende kukua. Kila alipolipa, alilipia kizazi kimoja.

Liko pia jambo la usugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Corpus Christi katika jimbo la Texas, Marekani, walionekana mende wadogo ambao hawakufa kwa dawa iliyokuwa ikitegemewa wakati ule. Tangu hapo, kila dawa iliyotumika sana na kwa muda mrefu imewazalia watumiaji wake mende walioizoea, na dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zinazojaza makopo mengi ya kupuliza madukani, ni mfano ulio wazi. Mtu hupuliza, asipoona matokeo huongeza, kisha huchanganya ya kopo hili na ya kopo lile. Anayedhurika ni mpulizaji.

Aidha, dawa nyingi za kupuliza huwafukuza mende kabla ya kuwaua. Katika nyumba yenye vyumba sita na wapangaji sita, anayepuliza Jumamosi huwapelekea jirani zake wageni, na jirani akipuliza Jumatano huwarudisha. Tumewahi kusuluhisha ugomvi wa namna hii, na hatukumkuta mwenye kosa.

Basi nini kilichotendeka katika jiko la yule mama? Tulimwomba aweke kadi za gundi usiku, moja chini ya sinki, moja kabatini, moja kando ya jiko la gesi na moja nyuma ya jokofu. Asubuhi kadi ya sinki ilikuwa na mende wachache. Ile ya nyuma ya jokofu ilikuwa imejaa hata gundi haionekani. Jokofu lilikuwa la mtumba, lililonunuliwa muda mfupi kabla ya mende kuanza kuonekana, na walikuwa wamejenga kuzunguka mota, palipo na joto na matone ya maji. Wapuliza dawa waliingia mara tatu, wakalowesha kuta na sakafu, na hata mara moja hawakulisogeza jokofu. Jambo hilo moja, kwa maoni yetu, lilitosha kumpa haki ya kurudishiwa fedha zake.

Ndiyo maana tunasema kazi ianze kwa kutazama kabla ya kununua. Zimeni taa, ngojeni saa moja au mbili, kisha ingieni jikoni na kurunzi mwone wanakimbilia wapi. Mende anapokimbilia ndipo penye kazi. Pale mnapomwona amesimama ni njia tu. Mkiwaona mchana kweupe, jueni kwamba maficho yamewajaa. Wafanyabiashara watazame zaidi vile vinavyoingia na kutoka: kreti za soda, maboksi, na hasa trei za mayai za karatasi, ambazo haziwezi kuoshwa na hupita katika maduka mengi. Mzigo ufunguliwe nje, na maboksi yasilale ndani.

Kisha maji. Watu wengi hufagia makombo kwa bidii na kuliacha bomba likidondoka usiku kucha. Mende mdogo mwenye maji huweza kuvumilia njaa mwezi mmoja na zaidi. Akikosa maji kabisa, hafiki mbali zaidi ya wiki mbili hivi. Bomba likarabatiwe, sinki likaushwe kwa kitambaa kabla ya kulala, ndoo zifunikwe, na sahani ya maji iliyo chini ya jokofu imwagwe. Chakula nacho kifungwe, mafuta yaliyorukia nyuma ya jiko yasuguliwe, na takataka zitolewe jioni. Kwa yule mkubwa wa chemba, kazi ni nyingine kabisa: mfuniko wa chemba uliopasuka ubadilishwe, tundu la sakafu liwekewe chujio la wavu mwembamba, na mwanya wa mlango uzibwe. Kumpulizia dawa jikoni huku chemba iko wazi ni kufagia ufukwe.

Baada ya hayo, dawa. Kwa mende mdogo tunapendekeza chambo cha jeli, kile kinachouzwa katika bomba dogo kama la sindano. Mende hukila, hurudi mafichoni na kufia huko. Na kwa kuwa wenzake hula kinyesi chake na mzoga wake, sumu huwafikia hata wale ambao hawakutoka. Ni tabia yenye kukirihisha, lakini hapa inatufaa. Mtumiaji aweke matone mengi madogo, kila moja kama punje ya dengu, katika bawaba za kabati, nyuma ya jokofu na pembeni mwa mabomba. Tone moja kubwa katikati ya sakafu halisaidii kitu, na ni hatari kwa mtoto. Na asipulize dawa yoyote karibu na chambo, wala asikipitie kwa sabuni yenye harufu kali, maana mende hatakigusa tena. Wengi walioshindwa na chambo walishindwa kwa sababu hii. Ikiwa mende wanakipita bila kukila, badilisheni aina. Mwaka 1993 watafiti walieleza juu ya mende waliorithi vizazi kwa vizazi tabia ya kuikataa sukari ya glukosi iliyotiwa katika chambo.

Juu ya chaki ya mende tuna neno fupi: inafanana na chaki ya shule. Hatuhitaji kueleza zaidi mbele ya wazazi.

Dawa yoyote mtakayonunua iwe katika chombo chake cha asili, kilichofungwa, chenye karatasi inayosomeka. Tazameni jina la sumu yenyewe iliyomo ndani, namna ya kuitumia, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili. Hapa Tanzania, usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tazameni pia utepe wa rangi chini ya karatasi hiyo. Mwekundu ni wa sumu kali, nao hauna kazi jikoni. Wa manjano uachieni mpulizaji aliyefunzwa. Bluu na kijani ni za hatari iliyopungua, ambayo bado ni hatari. Dawa ya shambani, ya pamba au ya nyanya, isiingizwe ndani ya nyumba hata kama muuzaji anaapa kwamba ndiyo kiboko ya mende. Ilipimwa kwa ajili ya shamba lenye upepo, haikupimwa kwa chumba anacholala mtoto.

Mkimwita mpuliza dawa, mwulizeni kabla ya kukubaliana bei: atatumia dawa gani, na je, ataandika jina lake kwenye risiti? Atasogeza jokofu na makabati? Atarudi lini? Kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya dawa ya kwanza, ziara ya pili katika wiki ya pili hadi ya nne ni sehemu ya kazi yenyewe, nayo iwemo katika bei na iandikwe. Anayewaahidi kwamba mende hawataonekana tena milele baada ya siku moja, mwacheni aende zake. Vyombo na vyakula viondolewe kabla hajaanza, watu na wanyama watoke, na asiruhusiwe kuwaachia mabaki ya dawa katika chupa ya soda “ili mjisaidie baadaye”. Mabaki ya namna hiyo tumeyaona katika nyumba nyingi mno.

Na ikitokea mtu amekunywa au kumwagikiwa na dawa, msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa au mafuta. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mwahisheni hospitali pamoja na chombo cha dawa chenye karatasi yake. Mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zilizosinyaa na kuhema kwa shida ni dalili zisizongojwa hadi asubuhi.

Mezani karibu na mlango tumeweka kadi za gundi. Kila mmoja achukue nne. Ziwekeni leo usiku, ya kwanza nyuma ya jokofu, na kila kadi iandikwe mahali ilipowekwa na tarehe. Wiki ijayo, siku na saa kama hizi, afisa afya wa kata atakuwapo hapa. Leteni kadi zenu tuzisome pamoja naye kabla hamjanunua dawa yoyote. Wenye migahawa waleteni na wapishi wao, kwani mara nyingi mpishi ndiye anayejua mende walipo.