Neno Lililosemwa Penye Bao



Mwajua kwamba Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akachunga mbuzi kama watoto wenziwe. Basi Mtemi Makongoro wa Ikizu alimwona akicheza bao, akastaajabia akili zake, akamshauri babaye ampeleke shule. Neno la rafiki tu, tena penye mchezo! Mwaka 1934 mtoto akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa; hata Dodoma yetu ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, yeye akiwa Rais.

Lakini ninalo jambo langu mwenyewe. Hapa Nkuhungu nalimwambia kijana mmoja, mbele ya wenziwe, “Wewe kuimba hukujaliwa.” Nalisema kwa mzaha, nikasahau siku ile ile. Yeye hakusahau. Miaka 11 alisimama kanisani wakati wa nyimbo, kinywa kimefumbwa, nami nikadhani ni mkaidi. Jumapili iliyopita nalikwenda kwake kumwomba radhi. Akanijibu, “Mwalimu, mimi nalidhani ulisema kweli.”