Mwananchi Aelezwe Kuhusu Damu Kuganda

Habari ya kampuni ya dawa ya AstraZeneca mmeshaisikia. Chanjo yake ya korona iliondolewa katika soko la Ulaya Mei 2024, siku chache tu baada ya kuenea habari kwamba kampuni ilikiri, katika nyaraka za mahakama ya Uingereza, kuwa kwa nadra sana inaweza kusababisha damu kuganda mwilini. Kampuni yenyewe ilisema iliiondoa kwa kukosa wanunuzi.

Linalotukera sisi ni lile lile la siku zote: mwananchi haelezwi. Mkenya aliyechanjwa mwaka 2021 alibaki akipapasa miguu yake kwa hofu. Madhara hayo yakitokea hujitokeza ndani ya wiki chache baada ya sindano, si baada ya miaka mitatu. Shirika la dawa la Ulaya lilitangaza tarehe 7 Aprili 2021 kwamba huenda upo uhusiano kati ya chanjo hiyo na damu kuganda. Mama muuza mboga pale soko la Gikomba alielezwa na nani? Hakuelezwa. Aliachiwa uvumi.

Hofu ina gharama. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo hiyo Machi 2021, ikaahirisha kuanza kuchanja, na milioni 1.3 zikarudishwa zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika.

Na damu huganda hata pasipo chanjo. Huganda kwa mama aliyejifungua, hasa katika wiki sita za kwanza, na zaidi kama alipasuliwa. Huganda kwa aliyelazwa baada ya upasuaji wa nyonga, kwa mwenye saratani, kwa msafiri aliyekaa kutwa nzima kwenye basi bila kunyoosha miguu. Shavu la mguu mmoja huvimba, likauma, likapata joto. Nyumbani watu hulikanda kwa maji moto na kulichua. Kumbe lile donge likimeguka hupitia moyoni na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Mtu huanguka ghafla akafa, na majirani wakasema amerogwa. Hawakuelezwa!

Dawa zipo. Ipo sindano ya heparini, vipo vidonge vya wafarini, ingawa anayemeza wafarini lazima apimwe damu mara kwa mara, na vipimo ni pesa. Lakini kumweleza mgonjwa kabla hajatoka wodini hakugharimu hata shilingi.

Wizara ya Afya, semeni! Semeni kwa Kiswahili, semeni kwa lugha za nyumbani, semeni kabla London haijasema. Madaktari na wauguzi, mwelezeni mgonjwa. Nawe mama unayeruhusiwa kurudi nyumbani kesho na mtoto wako, usiondoke kabla hujauliza dalili ni zipi. Mguu mmoja ukivimba, usikubali uchuliwe. Pumzi ikikatika ghafla au kifua kikichoma unapovuta hewa, usingoje kupambazuke. Amsha jirani, tafuta gari, nenda hospitali usiku huohuo.