Kasa Kanasa, Nyavu Alipe Nani?



Machi 5, 2024, Ramadhani ikiwa mlangoni, nyama ya kasa ililiwa Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba. Walikufa watoto wanane na mama wa mmoja wao, na watu 78 wakalazwa. Serikali ilileta timu ya maafa ikiongozwa na Hamza Hassan Juma, na wananchi wakaambiwa waache kula kasa.

Onyo hilo tulishalisikia. Novemba 2021, Pemba hii hii, nyama hiyo hiyo iliua watu saba, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu.

Wapo wasemao watu wa visiwani hatusikii. Siafikiani nao. Tunasikia, ila wengi tumekulia nyumba ambazo kasa alipikwa na hakuna aliyeumwa. Sumu haimo kwa kila kasa. Wataalamu wanadhani huipata kwenye vitu anavyokula baharini, na aliye nayo humjui kwa rangi wala kwa ladha. Kuchemsha hakuiondoi, dawa yake hakuna, na mama anayenyonyesha huweza kumpitishia mwanawe kwa maziwa. Sasa aliyekula miaka yote akasalimika, hofu itamzuia kwa lipi? Hofu si mlinzi wa kasa, wala si mlinzi wa watoto wetu.

Biashara ya kasa nayo ni ya kale. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza unayataja magamba ya kasa wa pwani hii, na kisiwa kiitwacho Menuthias ambako watu walitega kasa kwa vikapu. Wanazuoni wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi Mpemba jibu langu ninalo. Karne kwa karne magamba 13 ya mgongoni mwa kasa aina ya ng'amba yalikwenda nje kuwa vitana na vijisanduku vya mabibi, mpaka mkataba wa CITES ulipoipiga marufuku biashara hiyo. Japani, mnunuzi mkubwa, iliacha kuagiza mwisho wa 1992. Ng'amba sasa yu miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka, na anayetishwa kwa sheria ni mvuvi, ambaye faida ya vitana vile hakuionja.

Mtazame huyo mvuvi. Jarife, wavu wa matundu makubwa, hutegwa jioni kwa ajili ya papa na taa, likalala usiku kucha. Kasa hupumua hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo akinasa chini mara nyingi asubuhi haimkuti hai. Akikutwa hai, amekwisha kujiviringisha, na kumtoa salama ni kukata matundu zaidi. Jarife lenyewe la tajiri. Kusi inavuma, samaki hakuna, na pwani hakosekani wa kununua fungu kimyakimya. Mtu huyo umwambie habari ya vizazi vijavyo?

Kule Watamu, Kenya, wana njia nyingine: shirika la Local Ocean Conservation humpa mvuvi malipo madogo akiwapigia simu kuwa kasa kanasa. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama na kumrudisha baharini. Pesa hizo hazifiki bei ya nyama, na zisifike, maana zikifika watu watatega kusudi. Ni za muda wake na usumbufu wake.

Sisi tuna hifadhi ya Mkondo wa Pemba, PECCA, na tuna kisiwa cha Misali, ambako wageni hulipa kiingilio. Fungu la kiingilio hicho lipelekwe kwenye kamati za wavuvi. Kasa akinasa, bwana diko, msimamizi wa mahali wavuvi wanaposhushia samaki, aandike kwenye daftari lake, nyavu zikaguliwe, mvuvi alipwe siku ile ile, asingojeshwe semina. Na doria imfuate anayenunua nyama, asiachwe akajificha nyuma ya mwenye ngalawa.

Gumu ni la kasa aliyekutwa amekwisha kufa. Ukimlipa mvuvi, huenda kesho akakuletea maiti nyingine. Usipomlipa, nyama itagawiwa mafungu kabla jua halijapanda. Mimi ningempa nusu, kwa sharti kwamba kasa azikwe mzima, gamba na nyama, na bwana diko akiwa amesimama pale pale.